Pemba kwa baiskeli, na swali nililoshindwa kujibu

Kabla ya yote nikiri kosa. Pemba nilikuwa nimeiandika miaka mitatu kabla sijaikanyaga. Nipo dawatini Dar es Salaam, kiyoyozi kinavuma, habari ya mwakilishi inaingia ina aya nne, mhariri anataka aya nane. Unafanyaje? Unapika. Unaongeza "wakazi wa eneo hilo" hapa, "imeelezwa kuwa" pale, ukurasa unajaa, unakwenda zako kugombea daladala.

Moja ya habari hizo ilihusu magendo ya karafuu kaskazini mwa Pemba. Kijiji kilitajwa kwa jina, na leo sikitaji tena. Mimi ndiye niliyeongeza sentensi kwamba wanakijiji wanashirikiana na wafanyabiashara kuvusha karafuu usiku kwenda Kenya. Hakuna mtu aliyeniambia hivyo. Nilikuwa nimesikia sikia tu, na ni kweli kwamba miaka ya nyuma karafuu za Pemba zilikuwa zikivushwa kwenda Mombasa, basi nikaona itakaa vizuri.

Siku mbili baadaye simu ya chumba cha habari ikaita, nikapokea. Sauti ya mtu mzima, taratibu kabisa, haina hata chembe ya hasira. Baada ya salamu ndefu (hali yangu, hali ya nyumbani, hali ya mvua huko Dar) akauliza swali moja: "Mwanangu, kijijini kwetu ulikuja lini?"

Nilibabaika. Nikaandika namba yake nyuma ya daftari, nikasema nitampigia. Nikapendekeza tuchapishe masahihisho, nikaambiwa habari imeshapita, watu wamesahau. Na mimi, nisijifanye shujaa, nilifurahi kuambiwa hivyo. Namba ikakaa nyuma ya daftari karibu mwaka mzima.

Basi bwana, Septemba ilipofika nikachukua likizo, nikaazima baiskeli ya gia ya mshkaji wangu (mtumba wa Japani, breki ya nyuma imechoka), nikaipakia kwenye boti. Kwa nini baiskeli? Kwanza sina gari. Pili, nilikuwa naogopa. Ukienda kwa gari utafika baada ya saa moja na nusu, nami nilihitaji siku mbili tatu za kutafuta maneno ya kusema.

Mama yangu hakupenda habari ya boti. Ni yaleyale ya MV Spice Islander I, iliyozama usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011 ikitokea Unguja kwenda Pemba. Tulipoipita Nungwi na bahari ikaanza kuinuka, akina mama waliokuwa wakipiga soga wote walinyamaza. Mmoja akatoa tasbihi. Hakuna aliyesema kitu mpaka maji yalipotulia.

Ukishuka tu bandarini Mkoani, mlima. Hata hujapumua! Nilianza kukanyaga pedeli kwa mbwembwe mbele ya wachukuzi wa mizigo, na kabla sijafika nusu nikashuka nikaikokota, wao wakicheka. Nikisema mlima nasema kwa heshima tu. Hakuna kilele Pemba kinachofika mita 150, na msomaji wangu wa Lushoto ana ruhusa ya kucheka naye. Ila Lushoto unaupanda mlima mara moja ukamalizana nao. Pemba unapanda, unateremka mpaka bondeni kwenye majaruba ya mpunga, unapanda tena, unateremka tena, na juu ya kila kilima unadhani huu ndio wa mwisho. Kutoka Mkoani hadi Chake Chake ni kama kilomita 30. Nilitumia zaidi ya saa nne.

Sehemu kubwa ya njia nilikuwa chini ya kivuli. Miti imeshonana pande zote, nikawa najiambia, loh, msitu gani huu! Hadi nilipokutana na baba mmoja anakokota Phoenix yake, gunia la makumbi kwenye keria. Kwenye mlima hakuna mwenye gia wala asiye na gia, wote mnatembea, kwa hiyo mnazungumza. Nikamsifia msitu. Akanitazama kama anayemtazama mgonjwa. "Msitu upi? Hii mikarafuu."

Kumbe nilikuwa napita mashambani. Msitu wa asili sehemu nyingi ulifyekwa karne ya 19 kupisha mikarafuu, na waliofyeka na kupanda na kuchuma wengi wao walikuwa watumwa, mpaka utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897. Kimbunga cha 1872 kiliiangusha mikarafuu mingi ya Unguja lakini Pemba ikasalimika, ndiyo maana tangu hapo karafuu nyingi tunazoziita za Zanzibar ni za Pemba. Hayo ya vitabuni niliyajua hata kabla ya safari, tena niliwahi kuyaandika. Mkarafuu wenyewe ndio sikuujua nilipouona.

Kitu kingine ambacho hakionekani kwenye gari: salamu. Kila uso unaokutana nao barabarani ni salamu, na huwezi kupita kimya kama mwizi. Asalaam aleikum. Shikamoo. Wenda wapi? Watoka wapi? Watoto wananikimbilia nyuma, "Mbara huyo! Mbara huyo!" Nilisalimia watu wengi zaidi siku ile kuliko ninavyosalimia Dar kwa mwezi mzima.

Usiku nililala Chake. Asubuhi nikachukua barabara ya zamani ya kwenda Wete, ile inayojipindapinda. Wete nilifika nimechoka hoi, nikala muhogo wa nazi na pweza, nikalala kama gogo. Sina zaidi la kusema kuhusu Wete, na Wete hawana kosa.

Siku ya tatu, kuelekea Konde, nikapata pancha. Fundi alikuwa chini ya mwembe, kijana wa rika langu, beseni la maji mbele yake. Akaitoa tyubu, akaizamisha, tukatazama mapovu. "Wenda kwa nani?" Nikamtajia jina la mzee. "Aa, wa kwetu yule. Na wewe wafanya kazi gani?"

"Mwalimu," nikasema.

Lilitoka lenyewe. Wenzangu wa kazi hii mnajua kwamba tunapenda sana kuwaambia watu kazi yetu, kitambulisho kinaning'inia shingoni hata harusini. Mimi nilikuwa kilomita chache kutoka kwenye kijiji nilichokiandika, na nikawa mwalimu.

Nikampigia mzee. Nilikuwa nimejiandaa kujieleza, lakini nilipotaja tu jina langu akasema, "Karibu. Huku kuna kazi, tunaanika."

Kwa woga nikapita kwanza Ngezi. Huo ndio msitu kweli, mabaki ya ule wa zamani, na ukiingia kutoka kwenye jua la Konde ni kama mtu amefunga mlango. Mivule na mitondoo imekwenda juu, mpapindi umesimama chini yake, mnazi mwembamba wa msituni ambao asili yake ni hapa Pemba tu. Mkondo wa bahari kati ya kisiwa hiki na bara una kina cha mita kama 800, kwa hiyo viumbe vya hapa vimekaa peke yao muda mrefu na kuwa vya kwao wenyewe: ninga wa Pemba, bundi wa Pemba, popo wa Pemba. Huyo popo ni mkubwa, anakula matunda. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa karibu atoweke kwa kuwindwa, kisha vijiji vikaamua kumlinda, leo wapo zaidi ya 20,000. Nilikaa pale kwenye kivuli nusu saa nzima bila sababu. Halafu nikaona nazidi kujidanganya, nikapanda baiskeli.

Mzee alikuwa uani. Majamvi yametandazwa kila mahali, karafuu zinageuka kutoka kijani kuwa kahawia, harufu inakuingia mpaka kooni. Nikaamkia, akaitika marahaba, akanitazama kwa muda. "Fundi wa baiskeli kanipigia. Kaniambia mwalimu wa bara anakuja kwangu." Akacheka mpaka akakohoa. Mkewe akatoka jikoni. "Ndiye huyu?" "Ndiye."

Hawakuniuliza kitu mpaka nimekula. Halafu mzee akanionyesha kuchambua: unalipiga kikonyo kwenye kiganja, karafuu inabaki huku, makonyo yanakwenda kule, nayo hayatupwi, yanauzwa yakakamuliwe mafuta. Tukiwa tunachambua akaanza, bila kuniangalia.

"Magendo yalikuwepo, mimi sitokuficha. Wakati bei hailipi hata mchumaji, watu walivusha." Lakini mwaka 2011 serikali ilipandisha bei, mkulima akawa analipwa kama asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, na kwa hesabu yake sababu ya kuhatarisha jahazi usiku ikapungua sana. Hilo moja. La pili ndilo lililoniumiza. "Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Huzaa sana, kisha ukapumzika. Mwaka ulioandika wewe, hapa kwetu haikuzaa. Sikupata hata pishi moja. Sasa niambie, walivusha nini?"

Ningeuliza swali hilo kwa simu ya dakika mbili, nisingeandika ile sentensi.

Mkewe ndiye aliyemalizia. Wiki ile gazeti lilipotoka, walikuja watu kupekua. Nyumba saba. "Walimwaga mchele wangu wote ukumbini, wanatafuta karafuu. Nikakaa chini kuuokota, kama hivi unavyokaa wewe."

Niliomba radhi. Sikumbuki vizuri nilivyosema, yale maneno niliyoyatafuta siku tatu milimani hayakuja hata moja. Yule mama akasema, "Haya, yashapita," lakini alisema akiwa anatazama majamvi, na mimi nina hakika hayajapita. Tuliendelea kuchambua mpaka adhana ya Magharibi. Vidole vyangu vilinuka karafuu hadi Dar.

Kwa kuwa gazeti halikuchapisha masahihisho, nayaandika hapa: wanakijiji wale hawakushirikiana na mtu yeyote kuvusha chochote mwaka ule. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilitunga mimi.

Asubuhi mzee alileta mfuko wa karafuu kavu, kama nusu kilo. Nikanyoosha mkono, kisha nikakumbuka kwamba karafuu huwezi kuzisafirisha kutoka Pemba bila kibali. Naye alikuwa ananisubiri nikumbuke. "Ukikamatwa nazo bandarini," akasema, "tutakuandika sisi." Akaurudisha ndani, akaja na mkungu wa ndizi, akaufunga kwenye keria kwa mpira wa tyubu.

Kurudi Konde kuna mteremko mzuri, ila kwa breki ile na mkungu ule nilishuka miguu ikiburuza chini. Baadaye, pale kwenye mwembe, nikasimama.

"Mimi si mwalimu," nikamwambia fundi.

"Najua, mzee ashanambia." Akaibonyeza tairi ya nyuma, akaona haijakaa vizuri, akaipiga pampu. Hela akakataa. Akakata ndizi nne za pembeni, zile zilizoanza kuiva.