Nyuso za Mahenge

Vijana wa Mpitimbi walipigana picha njia nzima hadi Songea mjini, na waliposhuka mtaa wa Mahenge, kwenye Makumbusho ya Majimaji, wakaendelea. Sikuwazuia. Sanamu za nduna, yaani wakuu wa Wangoni, ziko nje, juani, na mtu hupita kati yake hadi akajikuta amezungukwa na wazee wanaomtazama. Saa nne jua limeshapanda, macho ya sanamu yanazama kivulini. Ukitaka kuzipiga vizuri, chutama, uwe chini ya kidevu.

Nilimkumbuka msanii Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar, mshindi wa tuzo ya Turner mwaka 2017. Katika kazi yake ya mwaka 2004, Naming the Money, alisimamisha ukumbini watu 100 wa kuchorwa, wa kimo cha binadamu, ili mtazamaji atembee kati yao. Ni watumwa wa Kiafrika waliotumikishwa katika nyumba za wakubwa Ulaya, na kila mmoja ana jina lake halisi pamoja na lile alilobandikwa na bwana wake.

Mahenge nako, jina lina uzito kuliko sura. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa mashujaa wa Vita vya Majimaji zaidi ya 60, akiwemo Nkosi (mfalme) Mputa Gama, wakawafukia katika kaburi moja. Nduna Songea Mbano aliuawa siku chache baadaye. Wazee husimulia kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Rais wa nchi hiyo, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapa tarehe 1 Novemba 2023, akaomba msamaha na kuahidi kusaidia kukitafuta. Basi uso wa sanamu ya Songea ndio tulio nao kwa sasa, na mimi nauheshimu kwa sababu hiyo.

Niliwaomba vijana jambo moja tu: wapige picha za orodha ya majina ya walionyongwa pia. Binti mmoja akakuta ukoo wa mama yake kwenye orodha hiyo, akapiga simu Mpitimbi palepale.

“Shikamoo babu. Huyu alikuwa nani kwetu?”

Babu akataka kwanza asomewe wote, tangu juu. Salio likakata katikati ya orodha. Mwenzake akampa simu yake, wakaendelea walipoishia.