Njia ya Monduli Juu

Ndugu msomaji, ukijaliwa kuwa Arusha na siku moja ya mapumziko, usiimalizie mjini. Panda gari la Monduli. Utapita mashamba ya kahawa ya Burka, utauacha uwanja wa ndege wa Kisongo, kisha miti itapungua na nyika itafunguka mbele yako. Ng'ombe watavuka barabara bila haraka, na dereva atawangoja. Barabara kuu huendelea hadi Makuyuni. Ya kwetu hukata kulia kuelekea mlimani. Ni mwendo wa kilomita 40 hivi.

Mji wa Monduli ni mdogo: ofisi za wilaya, soko, chuo cha ualimu na chuo cha maofisa wa jeshi. Lakini safari yetu ni ya kupanda zaidi, hadi Monduli Juu, penye baridi na mashamba ya mahindi na maharage. Huko ndiko alikozikwa Edward Moringe Sokoine, aliyekuwa Waziri Mkuu wetu.

Mwandishi wa makala haya alizaliwa baada ya kifo chake, nami nilitaka kuiona nchi iliyomlea. Garini niliketi karibu na mzee mmoja mwenye fimbo na shuka nyekundu. Nilimwamkia, akaitika, akaniuliza niendako. Nilipomwambia, alitikisa kichwa.

"Zamani, mwanangu, baba mwenye wana wanne alitoa mmoja tu kwenda shule. Wala hakumtoa yule aliyejua kuchunga."

"Na wewe, Mzee wangu, hukutolewa?"

"Mimi nilijua kuchunga," alijibu, na gari zima likaangua kicheko. Yeye hakucheka.

Sokoine alizaliwa katika nchi hii mwaka 1938. Alisoma shule ya hapa hapa Monduli, kisha akaenda Umbwe, kule kwenye migomba ya Kibosho. Kwa mtoto wa mfugaji hiyo ilikuwa safari ya kwenda ugenini, kwa watu wanaokaa mahali pamoja na kula ndizi. Mwaka 1961 alijiunga na TANU. Akapelekwa Ujerumani Magharibi kusomea utawala, na aliporudi akawa Afisa Mtendaji katika wilaya yake ya Masai.

Tusimame kidogo katika mwaka 1965, maana vijana wengi hawaujui uchaguzi wa namna ile. Karibu kila jimbo lilipewa wagombea wawili, wote wa chama kimoja. Walisimama jukwaa moja, mkutano mmoja, siku moja. Hakuna aliyeruhusiwa kutaja kabila, dini wala rangi, na lugha ya kampeni ilikuwa Kiswahili. Mmoja alipewa alama ya Jembe, mwingine Nyumba. Fikiri, msomaji, jembe linaombewa kura kwa wafugaji! Lakini wananchi walijua kuchagua: mwaka ule hata Waziri wa Fedha aliangushwa. Na Sokoine, mwenye umri wa miaka 27, akachaguliwa kuwa Mbunge wa Masai. Nchi aliyoiwakilisha ilianzia mpaka wa Kenya hadi nyika za Kiteto. Leo imegawanywa katika wilaya tano.

Vyeo vilivyofuata vinajulikana. Naibu Waziri mwaka 1967, Waziri wa Ulinzi mwaka 1972, Waziri Mkuu mwaka 1977. Lisilosemwa sana ni kwamba serikali aliyoitumikia ilikuwa na maneno mazito ya kuwaambia watu wa kwao. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ilikuja kampeni ya kuwataka Wamaasai waache shuka na kuvaa suruali. Mwaka 1974 ikaja Operesheni Imparnati ya kuwaweka wafugaji katika vijiji vya kudumu. Mtu anayeishi kwa kuifuata mvua aliambiwa atulie. Naamini mtihani mgumu wa kiongozi aliyetoka kijijini ni huo hasa: siku amri inapopiga hodi mlangoni kwa baba yake, wenzake wa rika wakimtazama yeye.

Sisi wa mjini tunamkumbuka kwa mambo mengine. Alipumzika mwaka 1980, akaenda kusoma Yugoslavia, na mwezi Februari 1983 akarejea katika uwaziri mkuu. Nchi ilikuwa katika dhiki: foleni za sukari, sabuni na unga tangu alfajiri, huku bidhaa zikiwa zimefichwa. Vita dhidi ya wahujumu uchumi ikaanza, na wengine wakatupa mali usiku ili wasikutwe nayo. Mwaka huo huo watu binafsi waliruhusiwa kubeba abiria mjini Dar es Salaam. Daladala unayopanda kwenda kazini ilipata uhalali wake wakati huo. Lakini mwaka huo pia ilipitishwa sheria ya Nguvu Kazi, na vijana wasio na kazi wakakamatwa mitaani ili warudishwe vijijini. Wapo wanaomsifu kwa yote hayo. Mimi nasifu vita ya walanguzi, lakini ile ya vijana inanitia shaka, kwani mtu aliyekimbilia mjini naye alikuwa akitafuta malisho.

Tarehe 12 Aprili, 1984 alikuwa akitoka Dodoma kwenye Bunge, akielekea Dar es Salaam kwa barabara. Huko Dakawa, mkoani Morogoro, gari jingine liligongana na lake. Alikuwa na umri wa miaka 45. Mwaka huo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Morogoro kilipewa jina lake, na mwili wake ukarudishwa huku juu.

Nilisimama kaburini kwa muda, upepo ukivuma kutoka nyikani. Yule mzee alikuwa amenifuata polepole kwa fimbo yake. Aliniuliza kama nina watoto. Nikamjibu kwamba ninao wawili, wote shuleni.

"Wote?" akauliza.

"Wote, Mzee wangu."

Akanitazama, akauliza tena: "Na nyumbani kwenu yuko nani?"

Ukienda, chukua sweta hata kama Arusha kuna jua, na uliza mapema gari la mwisho la kushuka, maana haliwangoji wageni.