Sizitaki Mbichi Hizi

Mtu akikosa cheo kisha akasema hakukitaka, Waswahili humkumbusha sungura aliyezirukia ndizi mbivu mpaka akachoka, akaenda zake akisema sizitaki mbichi hizi. Hadithi hiyo haimwachii mtu upenyo. Ukinyamaza, una kinyongo. Ukisema umeridhika, unajifariji. Ukicheka, ndiyo umethibitisha. Ofisi niliyoitumikia kwa muda mrefu ilipompa mwingine nafasi niliyokuwa nikiikaimu, niliomba likizo bila malipo, nikapanda Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, nikapanga vyumba viwili pembezoni mwa msitu. Tangu hapo najiuliza kama mimi ni mtu aliyetosheka au sungura tu.

Maisha ya huku hayana mengi ya kusimulia, na huo ndio uzuri wake. Asubuhi ukungu haubanduki mlangoni. Unakoka moto, kuni zina unyevu, moshi unakutoa machozi kabla hujaionja chai. Hondohondo wanapita juu ya miti wakivuma kwa mabawa, hata mara ya kwanza nilitoka nje nikidhani lori linapanda mlima. Mchana nalima kipande changu cha maharage, usiku nasoma mpaka taa ya sola ififie. Kilichonishangaza ni jinsi vitu vilivyoondoka bila kuaga: gari sikulikumbuka, televisheni sikuikumbuka. Kilichogoma kuondoka ni kile cheo. Nikipalilia najikuta nahutubia kikao ambacho sikualikwa, natoa hoja, nashinda. Msitu wote huu, na mimi nahutubia maharage.

Hata Amani yenyewe ina historia ya watu wenye makuu. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha hapa kituo cha utafiti wa mimea, wakaleta miti kutoka pande nyingi za dunia ili wajue upi utaitajirisha koloni lao. Miti iko bado. Koloni halipo.

Aliyenifundisha kulitazama swali langu bila kukwepa ni Mjapani aliyefariki mwaka 1216. Kamo no Chomei alizaliwa Kyoto katika ukoo wa makuhani wa hekalu la Shimogamo, akakua akitarajia kushika wadhifa wa ukoo wake. Mfalme mstaafu Go-Toba alitaka kumpa nafasi katika hekalu dogo lililo chini ya lile kubwa. Ndugu yake mmoja mwenye nguvu akapinga, nafasi ikaenda kwa mwingine. Chomei, akiwa na miaka kama 50, akanyoa kichwa akawa mtawa. Baadaye alijenga kibanda milimani Hino, mita 3 hivi kwa 3, kilichofungwa kwa kulabu ili akikichoka akivunje na kukihamisha kwa mikokoteni miwili. Ndani aliweka vitabu, koto, na biwa, ala ya nyuzi iliyo jamaa wa mbali wa udi wa taarabu yetu. Rafiki yake wa matembezi alikuwa mtoto wa mlinzi wa mlima, mvulana wa miaka 10. Mwaka 1212 akaandika kitabu kifupi, Hojoki, akieleza kwa nini mji haufai: moto, kimbunga, njaa, tetemeko la ardhi la 1185, yote aliyashuhudia kwa macho yake.

Ukikisoma kitabu hicho ni rahisi kumwita sungura. Kibanda kimesimama juu ya nafasi aliyonyimwa, na mwenyewe anakisifia mno. Lakini karibu na mwisho anajigeukia. Anajiuliza kama kukipenda kibanda namna hii si kung'ang'ania kulekule alikodhani amekuacha mjini. Moyo wake haujibu. Analitaja jina la Buddha, basi, kitabu kinaisha.

Mwenzake maarufu zaidi, Mmarekani Henry David Thoreau, hana shaka za namna hiyo, na kwa sababu hiyo namwamini kidogo tu. Alihamia kando ya ziwa Walden, mjini Concord, tarehe 4 Julai 1845, katika nyumba iliyomgharimu dola 28 na senti 12 na nusu, akakaa miaka miwili na ushei. Husemwa kwamba aliyapa makuu kisogo. Sikubali. Mle kibandani aliandika kitabu chake cha kwanza na kuanza cha pili. Alipunguza matumizi ili asilazimike kumuuzia mtu muda wake. Huyo ni mtu mwenye uchu mkubwa, ila aliuendesha kwa gharama ndogo. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1849, nakala 1000, na nakala 706 zikarudishwa kwake bila mnunuzi. Akazibeba hadi chumbani, akatania kwamba sasa ana maktaba ya vitabu kama 900, na zaidi ya 700 ameviandika mwenyewe. Alipofariki mwaka 1862, rafiki yake Ralph Waldo Emerson alilalamika katika hotuba ya maziko kwamba marehemu hakuwa na hamu ya makuu: mtu aliyeweza kuisaidia Marekani nzima aliridhika kuongoza msafara wa wachuma matunda ya porini. Ardhi ya kile kibanda, tusisahau, ilikuwa ya Emerson huyohuyo.

Maana nyuma ya kibanda cha mtu aliyeridhika kuna mwingine anayelipa. Kwangu mimi ni mke wangu, aliyebaki Dar es Salaam na kodi ya nyumba. Na wapo wakulima wa Derema, si mbali na hapa, walioacha mashamba yao ya iliki miaka ya 2000 ili vipande vya msitu viungane. Walilipwa fidia, lakini mwenye kulipwa fidia si mwenye shamba tena. Ukimya ninaoufaidi una wenyewe.

Jirani yangu, mama mtu mzima anayewauzia wachuuzi wa Muheza iliki na mdalasini, hakunielewa hata chembe.

"Kwani mwanangu, kazi wamekufukuza?"

"Hapana mama, nimepumzika tu."

"Na mshahara?"

Nikamwambia hakuna. Akanitazama kwa huruma, na kesho yake akaniletea mihogo.

Mama huyu ana mipango kuliko idara yangu yote. Anataka kuezeka nyumba ya uani kwa bati, anataka ng'ombe wa maziwa, anataka mjukuu wake asomee ualimu. Nilikuja na imani kwamba watu wa msituni hawana uchu, na hilo alilifuta kwa mazungumzo ya jioni moja. Ila uchu wake una kipimo. Bati zinahesabika, ng'ombe ni mmoja, mjukuu akishahitimu amehitimu. Kila jambo lina siku ya kwisha. Langu halikuwa nayo. Ile nafasi ningeipata, ningeanza kuitolea macho ya juu yake kabla sijahamisha vitabu vyangu kwenda ofisi mpya.

Halafu mvua za masika zikakatika. Nikapanda kilimani penye mtandao, simu ikaniletea habari kwamba yule aliyepewa nafasi ameondolewa. Nilifurahi. Niliteremka ile njia nikipiga mluzi, nikawasalimia watu nisiowajua. Nilipofika nyumbani ndipo nikajiuliza mtu aliyetosheka anafurahia nini katika habari kama ile, na sikupata jibu jingine zaidi ya ndizi.

Tangazo la kazi limeshatoka. Sijajaza fomu, wala sijasema sitajaza. Nimeamua kwanza kumuiga jirani yangu, niandike kwenye karatasi kitu gani hasa nakitaka kutoka kwenye kiti kile, na kila kitu kiwe na kipimo chake. Hadi sasa kuna ada ya binti yetu mpaka amalize chuo, na deni la kiwanja. Cha tatu nimekiandika na kukifuta mara kadhaa, na leo kipo: kuitwa bosi. Pembeni yake, mahali pa kipimo, sijaandika kitu.