Herufi Tatu Kwenye Spika

Mwezi huu tungependa kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu huwaachia waume zetu, nalo ni muziki wa gari. Msicheke. Muziki huo nusura utugharimu shilingi 3,000,000, na katika kuupima tuligundua jambo la nyumbani mwetu ambalo tulikuwa tumeishi nalo miaka mingi bila kulijua.

Sisi tunakaa Kirumba, hapa Mwanza, si mbali na Mwaloni, ambako upepo ukivuma kutoka ziwani harufu ya dagaa huingia mpaka chumbani. Kazi yetu ni uuguzi, na kanisani tumo katika kikundi cha kuwatembelea wagonjwa. Baba watoto alifanya kazi miaka 24 katika kiwanda cha minofu ya sangara, chumba cha mitambo ya kugandishia. Alipofikisha miaka 55 alistaafu kwa hiari, akapata mafao yake. Tuliketi tukayagawa: mabati ya nyumba, ada ya chuo ya binti yetu, akiba kidogo, na gari moja la kutufikisha kwa wagonjwa na kwa wazazi wetu Sengerema.

Jumamosi moja tulikwenda kwenye yadi ya magari. Tukaonyeshwa Toyota Harrier mbili, zile ambazo vijana huziita Anaconda. Zote ni za mwaka 2014, zote nyeupe, na kilomita zilizotembea zilikaribiana. Lakini moja ilizidi bei kwa hizo shilingi 3,000,000.

"Hii ina JBL, mzee," dalali alimwambia baba watoto, akimwonyesha kibao kidogo kwenye spika. "Siyo muziki wa kubandika. Gari limetoka nao kiwandani."

Baba watoto alizigusa zile herufi tatu kwa kidole, na sisi tukajua kwamba moyo wake umekwisha kununua.

Hebu tuseme haki kwanza. Herufi hizo si urembo mtupu. JBL ni kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1946 na James B. Lansing. Siku hizi iko chini ya Harman, ambayo Samsung waliinunua mwaka 2017. Kampuni za namna hii hupatana na watengenezaji wa magari. Spika huongezwa, amplifaya ya peke yake hufichwa ndani ya gari, na sauti hupangwa kufuatana na umbo la gari lile lile, viti vyake na vioo vyake. Mnunuzi wa kwanza kule Japani hulipa zaidi ili apate kitu hicho. Likiwa zima na likitunzwa, gari la namna hiyo huimba vizuri kweli.

Lakini mama akienda sokoni hanunui samaki kwa kusikia sifa zake. Hufunua shavu akatazama kama bado ni jekundu. Basi tuliomba tupime. Tulikuwa na nyimbo za kwaya yetu kwenye flashi.

Tulianza na redio, na hapo hapo tukakwama. Tulitafuta Radio Free Africa na Radio Maria, lakini mshale uligota kwenye 90. Dalali alieleza, na ni kweli, kwamba redio nyingi za magari ya Japani zilitengenezwa kwa masafa ya FM ya huko, yaani 76 mpaka 90, na sisi vituo vyetu viko kati ya 88 na 108. Kuna kifaa kidogo cha bei nafuu ambacho mafundi hufunga nyuma ya redio ili kuyashusha masafa yetu. Hata hivyo, namba inayoonekana huwa siyo ya kituo, na mara nyingine vituo huingiliana. Maandishi yalikuwa ya Kijapani, na ramani ilikuwa ya Japani. Kwa ramani ile usingefika hata Igoma.

Kisha tukamkumbuka dada mmoja wa kikundi chetu. Gari lake la Toyota lilibadilishwa betri, na redio ilipowashwa ikajifunga ikidai namba ya siri. Ni kinga waliyoiweka dhidi ya wezi, lakini humfungia hata mwenye mali. Fundi aliing'oa akaweka skrini mpya. Gari likawa bubu! Amplifaya ya kiwandani haikukubali kuzungumza na skrini ngeni bila waya maalumu. Mwishowe ilirukwa, zikafungwa spika za kawaida, na ule muziki aliolipia ukaishia stoo. Hilo ndilo ambalo wauzaji hawalisemi: muziki wa kiwandani ni kama mnyororo, pete moja ikikatika hufungi pete yoyote tu mahali pake.

Sasa tukafika kwenye kusikiliza. Tulifunga milango na vioo vya gari la bei ndogo, tukaweka wimbo mmoja wa kwaya, sauti ya kiasi. Kisha tukahamia kwenye lile la JBL, wimbo ule ule. Kwa kweli tofauti tuliisikia. Sauti ya kwanza ilisimama peke yake, kayamba likachakarika kama mtu anayelitikisa kiti cha nyuma.

"Unasikia kayamba?" tulimwuliza baba watoto.

"Kayamba gani?" akajibu.

Tulirudisha wimbo nyuma. Alikaza macho, akainamia spika. Kisha akaongeza sauti, akaongeza tena, mpaka vioo vikatetemeka na dalali akageuka kututazama. "Sasa naanza kusikia," alisema huku akitabasamu.

Wenzetu, mkono wetu wa uuguzi ulikufa ganzi. Ndani kabisa ya sikio mna chembe zenye vinywele vyembamba sana vinavyopokea sauti. Kelele kubwa za miaka mingi huziua, na za mtu mzima zikishakufa haziwezi kuota tena. Zinazotangulia kufa ni zile za sauti nyembamba: kayamba, ndege, sauti ya mtoto, sauti ya mwanamke. Mtu huyo si kiziwi. Husikia kwamba unasema, ila haelewi unasema nini. Ndiyo maana huongeza redio, na kila akiongeza hujidhuru zaidi.

Miaka 24 katika chumba cha mitambo, tena miaka ya mwanzo bila kinga yoyote ya masikio! Na sisi tunaowapima watu wengine kila siku hatukuwa tumeona. Tulipomwita kutoka jikoni asiitike, tulisema ana kiburi. Binti alipoongea mezani naye akajibu mengine, tulisema hatujali. Alipoacha kuimba kwaya, tulimnung'unikia kwamba amepoa kiroho. Hata tuliwahi kumsemea kwa dada zake.

Tulizima muziki, tukamweleza pale pale garini, taratibu, tukimtazama usoni. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Kwaya niliacha kwa sababu nilikuwa nakosea kuingia. Nikaona aibu." Sisi tukamwomba msamaha. Dalali alisubiri nje akidhani tunajadili bei.

Tulinunua lile la bei ndogo. Katika fedha iliyobaki tulimpeleka Bugando, kliniki ya masikio, pua na koo, akapimwa usikivu, na mambo yakawa kama tulivyohofia. Sasa tunaongezea kidogo kidogo ili apate vifaa vya kusaidia kusikia vya masikio yote mawili. Watoto tumewafundisha kumkabili usoni wanapozungumza naye. Amani iliyoingia nyumbani kwa hilo tu haina bei.

Je, muziki wa kiwandani una thamani ya fedha yake? Jibu letu ni kwamba unaweza kuwa nayo, kwa masharti. Peleka wimbo unaoujua vema, usikilize kwa sauti ndogo, maana kwa sauti kubwa kila spika hujisifu. Jaribu kila spika, mbele na nyuma. Tafuta kituo chako cha redio papo hapo. Mwulize muuzaji nini hutokea betri ikitolewa, na kama ana kadi au namba ya kuifungulia redio. Kaa na mwenzako ndani ya gari, kila mmoja aseme anachosikia. Na fedha ya nyongeza isiwe ile iliyokwisha kuahidiwa ada au mabati. Bwana Yesu alitupa mfano wa mjenzi wa mnara, ili tujue kwamba hesabu hutangulia msingi.

Tena lindeni masikio. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na mtoto desibeli 75. Kipimo chepesi ni hiki: ikibidi upige kelele ili aliye karibu nawe ndani ya gari akusikie, punguza.

Hatutawaficha, kayamba lile la JBL bado tunalikumbuka. Lakini majuzi tulikwenda Sengerema, tukipita juu ya daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, mahali ambapo zamani tulisubiri kivuko juani. Spika zetu za kawaida ziliimba polepole. Katikati ya daraja baba watoto akaanza kuimba sauti ya tatu. Aliingia amechelewa kidogo. Sisi tukapunguza mwendo wa sauti yetu, tukamsubiri, tukaendelea pamoja.