Waliokwenda Kuhemea

Katika Kiswahili tunalo neno kuhemea. Kamusi zimelihifadhi, ingawa hapa visiwani ni nadra siku hizi kulisikia barazani. Kuhemea ni kwenda kutafuta chakula wakati wa njaa: mtu hufunga safari hadi nchi iliyovuna, akatoa mbuzi wake au nguvu za mikono yake, akapewa nafaka, kisha akarejea kwao na mzigo. Huko Ugogo, katika nyanda za kati za Tanzania nilikozaliwa, neno hili lingali hai. Mwanamke akiulizwa mumewe yuko wapi, aweza kujibu, "Kenda kuhemea," na muulizaji asitake zaidi, kwani ndani ya neno hilo mna ahadi. Aliyekwenda kuhemea hakuhama. Anangojewa.

Mwaka 2024 sisi ndugu watatu tulirejea Dodoma, miaka hamsini tangu tulipoondoka. Dada yetu mkubwa alikuwa na umri wa miaka 14 siku ile ya mwaka 1974. Mimi nilikuwa na miaka 8. Mdogo wetu wa mwisho alitoka mgongoni mwa mama, hajaachishwa ziwa. Dada na mimi tumezeekea Unguja. Mdogo wetu alivuka bahari ya pili, na tangu ujana wake makazi yake ni Leicester, Uingereza. Aliyetuita ni baba mdogo, wa mwisho aliyebaki katika watoto wa babu. Mji umekua, alisema, umeyafikia mashamba ya ukoo. Ardhi inapimwa viwanja, na kila mwenye haki aje aseme neno lake kabla majina hayajaandikwa.

Yafaa nimweleze msomaji wa pwani nchi hiyo ni ya namna gani. Ugogo hupata mvua msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili, nayo kwa mwaka mzima haizidi sana milimita 600. Ikichelewa wiki chache, uwele na mtama hukauka ungali mchanga. Ndiyo maana wazee wa kule huihesabu miaka kwa njaa, na kila njaa kubwa ina jina lake kama mtoto aliyezaliwa. Iliyo mbaya kupita zote huitwa Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Kisha mvua nayo ikakataa. Wanahistoria hukadiria kwamba katika kila watu watano wa Ugogo alikufa mmoja. Bibi yetu mzaa baba aliinusurika akiwa mtoto, na mpaka anaingia kaburini hakupata kumwaga maji aliyooshea chungu kabla hajayatazama.

Njaa iliyotutoa sisi haikuwa kubwa kama hiyo. Mwaka 1971, katika operesheni ya vijiji vya ujamaa iliyofanyika mkoani Dodoma kabla ya kuenea nchi nzima, tuliliacha tembe letu, nyumba ile ya miti na udongo yenye paa bapa, iliyouzunguka ua wa ng'ombe, tukahamia kijijini kwenye nyumba zilizopangwa mstari. Mashamba yalibaki kule kule, tukiyaendea kwa miguu. Kisha ukaja ukame wa 1973 na 1974, ambao hata Serikali uliifanya iagize nafaka nyingi kutoka ng'ambo. Baba akaaga kwamba anakwenda kuhemea. Alipanda gari moshi hadi Dar es Salaam, akavuka hadi Unguja, akapata kibarua cha mashamba. Mwishoni mwa mwaka alirudi kama alivyoahidi. Lakini hakuutua mzigo. Alitubeba sisi.

Safari ya kwenda pwani wakati ule ilikuwa ya usiku mzima, juu ya reli waliyoijenga Wajerumani na kuifikisha Kigoma mwaka 1914. Safari hii tulipanda treni ya umeme, iliyoanza kwenda Dodoma mwaka 2024, na kwa saa chache tu tukawa tumeiacha miembe ya Pwani, tumeyapita milima ya Morogoro, tumeingia katika nchi ya mibuyu na majabali. Nikiwa dirishani niliwaza jinsi njia hii ilivyo ya zamani kuliko reli zote mbili. Kabla ya reli palikuwa na misafara. Nyingi katika pembe zilizofika Unguja zilipita Ugogo, na wenye misafara, wakubwa kwa wadogo, walilipa hongo kwa watemi wa Kigogo ili waruhusiwe kupita na kuteka maji visimani. Hadithi hizo nilizisoma utu uzimani, katika vitabu vya wasafiri walioilaani nchi yetu kwa kiu na kwa ushuru wake. Hakuna hata mmoja katika wao aliyejiuliza kisima katika nchi kama ile kina thamani gani kwa aliyekichimba.

Dodoma tuliyoikuta ni jiji. Uamuzi wa kuifanya makao makuu ulitolewa mwaka 1973, mwaka mmoja kabla ya kuondoka kwetu, lakini kwa miongo minne ulikuwa kama posa isiyofika kwenye harusi. Tangu 2016, Serikali ilipoanza kuhamia kweli, mambo yalikwenda mbio: mwaka 2018 mji ukatangazwa kuwa jiji, na sensa ya 2022 ilihesabu humo watu 765,179. Mtumba, ambako wizara zimejengewa mji wao, palikuwa mashamba na vichaka.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba sisi watatu hatukurejea mahali pamoja. Dada alitafuta vitu: kisima, njia ya kwenda kuchunga, jabali walilokuwa wakianikia mboga. Alipokikosa kimoja aliridhika na kingine, kwani alikuwa navyo vingi. Mimi nilikuwa na mabaki tu, sauti ya ngoma za muheme wapigazo wanawake na ladha ya mlenda juu ya ugali wa uwele, na vyote viwili nilivipata kabla jua halijatua. Aliyeteseka ni mdogo wetu. Yeye hakuwa na kumbukumbu hata moja. Alikuwa na Dodoma aliyosimuliwa na mama kwa Kiswahili cha jikoni kwetu, usiku baada ya usiku, huko Unguja. Dodoma hiyo ilikuwa nzima, haina tundu, na kila hatua tuliyopiga ilimvunjia kipande.

"Mbukwa," alisema baba mdogo alipotupokea, na sote tukaitikia, hata mdogo wetu, kwani salamu hiyo mama alimfundisha. Baada ya salamu mzee aliendelea kwa Kigogo, kwa utulivu na kwa muda mrefu. Mimi ni mfasiri. Kazi hiyo sikufundishwa darasani. Niliokota Kiingereza katika vitabu vilivyochanika na ushairi katika redio na mabaraza ya wazee wa Ng'ambo, na kwa miaka thelathini sasa ndiyo riziki yangu. Mbele ya baba mdogo nilishika neno moja katika matano. Mkalimani wetu akawa Dada, ambaye alisoma hadi darasa la nne na maisha yake yote ameuza vitumbua. Alifasiri vizuri. Hakukimbilia neno, alimngoja mzee amalize wazo, akavuta pumzi, ndipo akasema. Pale ambapo Kiswahili hakikumtosha alinyamaza kidogo, nasi tukajua kwamba hapo pana kitu.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Eka za babu, zilizokuwa hazina bei, sasa zina bei ambayo dalali aliitaja kwa kunong'ona. Watoto wa baba mdogo hawakuondoka. Wao ndio waliolima uwele na mtama humo miaka yote, na miaka ambayo hapakuvunwa kitu pia. Kwa hesabu ya ukoo, fungu la marehemu baba ni letu. Dada alitaka liachwe kwao. Mimi nilikuwa upande wake. Mdogo wetu alikataa. Hakutaka kuuza, wala hakuwa na tamaa ya fedha. "Nataka kiwanja kimoja tu," alisema. "Leicester nina nyumba, na Unguja nina nyinyi. Mahali pa kuzikwa sina."

Hakuna aliyemjibu. Kisha baba mdogo akauliza swali, na Dada akachelewa kulifasiri. Mzee alikuwa ameuliza: "Mmehemea nini?"

Halikuwa swali la kutusuta. Ni swali analoulizwa kila anayerudi, na kwa kawaida hujibiwa kwa kufungua gunia. Baba yetu hakupata kuulizwa, maana hakurudi tena. Sasa waliulizwa wanawe. Dada alijibu kwa Kigogo, kisha akatugeukia na kutufasiria maneno yake mwenyewe: "Nimemwambia, aliyekwenda kuhemea akirudi hutua mzigo. Haji kuchukua kilichobaki ghalani."

Fungu la baba likaandikwa kwa majina ya waliobaki. Sehemu yenye kaburi la bibi haikugawiwa mtu, na tukakubaliana kwamba yeyote katika sisi atakayetaka kulala karibu naye asizuiwe. Mdogo wetu alitia sahihi. Jioni ile hakula. Aliponiona nimemkalia karibu alisema, "Mara ya kwanza nilitolewa hapa nimebebwa. Safari hii nimetoka kwa mkono wangu." Nami sikuwa na la kumwambia, kwani ni kweli, na haki waliyoipata binamu zetu haiufuti ukweli huo.

Tangu turudi nimekuwa nikimfikiri Hukwe Zawose. Alizaliwa katika kijiji cha Doda, mkoani Dodoma, akaenda kuishi Bagamoyo, na huko alifariki mwaka 2003. Alipiga ilimba na zeze katika majumba makubwa ya Ulaya na kwingineko, mbele ya watu wasiojua hata neno moja la Kigogo, naye aliwaimbia Kigogo. Mtu huyu aliiacha nchi yake, lakini kila alipofungua kinywa nchi ilikuwapo. Pengine mzigo wa mhemeaji si lazima uwe wa nafaka. Lakini sauti haimshibishi aliyebaki akilinda shamba na ndege. Kwa hiyo siwezi kuutumia mfano wa Zawose kujipunguzia deni. Sharti vyote viwili viwepo, cha kula na cha kuimba.

Hapa visiwani wengi wetu ni wana wa watu waliotoka kwingine. Babu za baadhi yetu walitoka Hadhramaut, wengine Ngazija, wengine Unyamwezi, na wengi walipoaga walisema watarudi. Msomaji, huenda nawe kuna mzee mahali fulani ambaye angali na swali lake, na huenda mliobaki naye kwa lugha moja ni wachache. Mtafuteni mapema, na mwende pamoja wote, yule anayekumbuka na yule asiyekumbuka.

Siku hizi kila Jumapili, baada ya sala ya alasiri, simu ya Dada hulia kutoka Leicester. Mdogo wetu anajifunza kuhesabu kwa Kigogo. Amefika ishirini. Mimi hukaa pembeni na daftari, nikiandika maneno kadiri Dada anavyoyatamka, na anapokosea mdogo wetu hucheka kwanza, kisha humrudisha nyuma, taratibu, mpaka neno likae sawa kinywani mwake.