Neno Lililopotea Katika Mizani

Usiku wa arobaini ya mama nilimwandikia shairi la tarbia katika Google Docs. Kwa wiki mbili nikalipiga msasa: nikapanga vina, nikahesabu mizani, nikafuta. Programu ile huhifadhi yenyewe kila badiliko, bila kuuliza. Nilipolisoma mwishowe, liliniacha mkavu. Shairi lilitimia, lakini mama hakuwamo.

Daftari lingenionyesha neno nililolikata, kwa kuwa wino haulifichi. Kompyuta hufuta pasi na kovu. Hata hivyo haikusahau. Nilibonyeza kwa pamoja Ctrl, Alt, Shift na H; orodha ya matoleo ya nyuma ikafunguka, kila moja na tarehe na saa yake. Nikashuka hadi lile la usiku wa kwanza.

Ukwapi wa mshororo wa kwanza ulisema: "Kikombe chako ki mezani." Mizani 9. Nami, nikitafuta 8, nilikuwa nimeandika: "Kikombe kiko mezani." Hesabu ilikaa sawa, ila "chako" ndilo neno nililolitupa.

Sikulirejesha toleo zima, ingawa kulirejesha hakufuti jipya; nalo hubaki katika historia. Nilinakili kipande kile tu, nikakitazama kwa muda, kisha nikageuza mpangilio: "Chako kikombe mezani." Mizani 8, na mama yumo.

Ndugu malenga, kabla hujailaumu arudhi kwamba imekunyima neno, rudi kwanza utazame ulivyolisema ulipokuwa bado unalia.