Mpiga Kilumi wa Machakos

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Machakos, mwendo wa maili 40 hivi, huviona vilima vya Iveti na mashamba yaliyopigwa matuta ili udongo usichukuliwe na maji. Katika nchi hiyo ya Wakamba, mvua huombwa kwa kilumi, ngoma ya kale ya akina mama wazee.

Mpigaji naye ni mwanamke. Huibana mwase, ngoma ndefu, kati ya miguu yake, akaipiga kwa mikono huku akiwatazama wachezaji. Wakichoka, hupunguza, wakichangamka, huharakisha.

Kazi hiyo ya kuongoza miguu ya wengine si ya Ukambani peke yake. Huko Scotland, Niel Gow (1727-1807) wa kijiji cha Inver alipata sifa kubwa kwa kuwapigia wachezaji dansi fidla yake.

Africa Inland Mission, iliyofika Ukambani mwaka 1895, iliwakataza waumini wake ngoma za jadi, na mabinti wengi wakakua bila kuigusa mwase. Lakini mapigo hayo hayasomwi kitabuni. Bibi humrithisha mjukuu. Asiporithishwa mtu, miguu itakuwapo, ila wa kuiongoza hatakuwapo.